Jina Hapa, Seva Kule: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na vijana mliowahi viti vya karibu na soketi, habari za asubuhi. Waliotoka Tukuyu na Kyela, ndaga. Waliopanda basi usiku kutoka Iringa na Mafinga, kamwene. Baridi ya Mbeya mwezi huu haina adabu, chai iko pale nyuma, na mimi sitazunguka.

Nimeombwa niongee juu ya jambo linaloonekana dogo hadi likukute. Umenunua jina la tovuti kwa msajili mmoja. Umelipia nafasi ya seva, kompyuta inayobeba kurasa zako, kwa kampuni nyingine. Risiti zote mbili unazo. Unaandika jina lako kwenye simu, hakifunguki kitu. Unawapigia waliokuuzia jina, wanakwambia jina liko hai. Unawapigia wenye seva, wanakwambia seva iko hai. Na wote wawili wanasema kweli! Kilichokosekana ni mtu wa kuliambia jina liende kwenye seva ile, na wa kuiambia seva ilipokee jina lile. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kwenye risiti zako hakuna mstari unaosema ni za nani. Ni zako.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Mwenye biashara hana lazima ya kujua kutengeneza tovuti. Hana lazima ya kujua kuandika programu. Lakini funguo za jina azishike mwenyewe, na kabla hajamruhusu mtu yeyote aguse jina hilo, ajue limebeba rekodi gani, yaani maelekezo gani. Seva unaweza kuhama kila mwaka ukitaka. Jina ni habari nyingine.

Mnaijua njia panda ya Uyole. Kibao pale kinakuonyesha huku Tunduma, huku Dar es Salaam, huku Tukuyu na Kyela. Kibao chenyewe hakibebi hata gunia moja la mchele. Kinaelekeza tu, mzigo uko kwingine. Jina la domeni ni kibao, na seva ndiko mzigo ulikolala. Ukihamisha mzigo huchongi kibao kipya, unakigeuza. Leo tunazungumzia kukigeuza: nani ana ruhusa ya kukigusa, na ni nini kinachoanguka watu wanapokigeuza kwa pupa.

Kwanza mfahamu kwa nini jina na seva vimetenganishwa, maana wengine mnadhani ni ujanja wa wafanyabiashara wa mtandao wa kutulipisha mara mbili. Zamani, kompyuta zilizounganishwa zilipokuwa chache, nyingi zikiwa za vyuo na maabara za Marekani, majina yote yalikaa kwenye faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa na kituo cha utafiti cha SRI huko Menlo Park, California. Ukitaka kompyuta yako ijulikane unaomba uandikwe, kisha kila mwenzako anapakua faili upya. Kompyuta zilipozidi, faili likawaelemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, unaotafsiri majina kuwa namba za kompyuta, na kanuni zilizoandikwa upya mwaka 1987 ndizo msingi wa tunachotumia leo.

Ubunifu wake ulikuwa kugawa madaraka. Leo hakuna anayeshika orodha nzima. Juu kabisa ziko seva za mzizi, zenye majina 13, kutoka herufi A hadi M. Hizo hazilijui duka lako la Mwanjelwa. Zinachojua ni nani anashika .tz. Anayeshika .tz naye hajui kurasa zako ziko wapi. Anajua ni seva zipi za majina zilizokabidhiwa jina lako. Na hizo seva za majina ndizo zenye namba ya IP, yaani anwani ya kompyuta iliyobeba tovuti yako. Mteja wako aliyeko Vwawa akiandika jina, maswali hayo yote yanaulizwa na kujibiwa kufumba na kufumbua. Mkielewa ngazi hizo, mmeshaelewa kwamba sehemu za kugeuza kibao ni mbili. Unaweza kwenda juu, kwa msajili, ukabadilisha seva za majina. Au unaweza kuziacha zilivyo, ukaingia ndani yake na kubadilisha namba ya IP. Nitazirudia zote mbili, lakini kwanza kuna jambo linalotangulia.

Jina limeandikwa kwa nani?

Nikiuliza nani humu ana tovuti ya biashara, mikono inanyooka. Nyoosheni. Haya. Sasa waliobaki na mikono juu wawe wale tu wenye paswedi ya kuingia kwa msajili. Mnaona? Mikono imeshuka kama umeme umekatika. Iko wapi paswedi? "Kwa fundi." Fundi yuko wapi? "Alihamia Dodoma."

Mimi sisemi mafundi ni wezi. Wengine wamo humu ndani na ni vijana wangu. Mara nyingi inaanza kwa wema kabisa. Mteja hana baruapepe, Nane Nane ni wiki ijayo na anataka tovuti iwe hewani kabla watu hawajajaa viwanja vya John Mwakangale. Fundi anajaza fomu kwa jina lake mwenyewe, kwa baruapepe yake, analipa kwa simu yake, kazi inakwenda. Miaka inapita. Notisi ya kulipia upya inatumwa kwenye baruapepe ambayo hakuna anayeifungua tena. Jina linaisha muda, tovuti inazimika, na wewe unapompigia msajili anakuuliza swali la haki kabisa: wewe ni nani? Kwenye kumbukumbu zake mwenye jina ni fundi. Leseni yako ya biashara, TIN yako, chapa iliyoko kwenye mifuko yako ya mchele, havionekani popote pale.

Kwa hiyo akaunti ya msajili ifunguliwe kwa jina lako au la kampuni yako, na kwa baruapepe ambayo haikai ndani ya jina hilohilo. Hapo wengi wanateleza. Ukijisajili kwa anwani iliyo chini ya jina lako mwenyewe, siku jina likizimika na barua ya kukuokoa haitakufikia. Tumia anwani ya nje, ya kawaida, unayoifungua kila siku. Fundi mpe ruhusa ya kuingia kwa muda, akimaliza ubadilishe paswedi. Fundi mzuri hakasiriki. Na wenye majina ya .com na jamaa zake, kuna kanuni ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, kwamba msajili athibitishe mawasiliano ya mwenye jina ndani ya siku 15. Ule ujumbe unaokuomba ubonyeze linki, ambao wengi mnaufuta mkidhani ni matapeli, ukiupuuza jina linaweza kusimamishwa. Hata uunganishe vizuri namna gani, halitafunguka. Hakikisha tu umetoka kwa msajili wako kweli, maana matapeli nao wapo.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni, kwa nini basi tusinunue vyote sehemu moja tuondokane na shida? Unaweza, mzee wangu, na kwa mtu anayeanza si vibaya. Ila sababu za kutenganisha ni za kweli. Huenda msajili wako ana bei nzuri ya .co.tz lakini seva zake ni dhaifu. Huenda tovuti yako imejengwa kwenye jukwaa kama Shopify au Blogger, ambako seva ni zao na jina unaleta wewe. Huenda una mgogoro na wenye seva kuhusu malipo. Jina likiwa kwao pia, mgogoro umekwisha kabla haujaanza, na walioshinda ni wao. Likiwa kwingine, unachukua nakala ya tovuti yako unahama. Mimi ningetenganisha kwa sababu hiyo ya mwisho peke yake.

Sasa njia ya kwanza, ya kubadilisha seva za majina. Kampuni inayokuhosti inakupa majina mawili au zaidi, mara nyingi yakianza na ns1 na ns2. Unaingia kwa msajili, unatafuta sehemu ya seva za majina, unaondoa ya zamani, unaweka mapya, unahifadhi. Pale wanaandika majina, siyo namba za IP, na ukikosea herufi moja umekabidhi kibao kwa mtu asiyekuwepo. Kuanzia saa hiyo kila kinachohusu jina lako kinasimamiwa upande wa wenye seva: tovuti, barua, kila kitu. Ni njia rahisi, na ndiyo karibu kila kampuni inayokuhosti itakayokuelekeza, kwa sababu inawapunguzia kazi. Kama jina ni jipya kabisa, halina barua wala historia, ifuate bila wasiwasi.

Njia ya pili, unaziacha seva za majina zilipo. Unaingia kwenye meneja wa rekodi za DNS na kubadilisha rekodi ya A, ile inayosema jina hili liko kwenye namba hii. Wenye seva watakupa namba yenye vipande vinne, mfano 203.0.113.25. (Namba hiyo imetengwa kwa ajili ya mifano tu, naomba asitokee mtu wa kuiandika kwake.) Unafuta namba ya zamani, unaweka mpya. Kisha unashughulikia www, kwa sababu kwa mfumo wa DNS jina lenye www na jina tupu ni majina mawili. Ukigeuza moja ukasahau la pili, nusu ya wateja wanafika, nusu wanakwambia tovuti yako mbovu, na wewe ukifungua kwako inafunguka, mnabaki kubishana. Www unaweza kuipa rekodi yake ya A, au ukaiwekea CNAME inayosema "fuata jina tupu".

Hapo pana jiwe moja. Majukwaa mengine hayakupi namba ya IP, yanakupa jina la kuwekea CNAME. Kwenye www itakubali. Kwenye jina tupu haikubaliki, kwa sababu jina tupu tayari limebeba rekodi za NS na SOA, zile zinazotaja seva za majina na usimamizi wa jina, na kanuni za DNS haziruhusu CNAME ikae na rekodi nyingine mahali pamoja. Usimgombeze msajili akikukatalia. Weka CNAME kwenye www, na jina tupu lielekezwe kwenda www kwa huduma ya kuelekeza, wasajili wengi wanayo.

Na jiwe la pili ambalo hata mafundi hujikwaa: rekodi ya AAAA. Hiyo ni ya anwani za IPv6, zile ndefu zenye nukta pacha. Kama wenye seva wa zamani walikuwekea, ukabadilisha A ukaiacha AAAA, wateja ambao mitandao yao inatumia IPv6 wataendelea kwenda kwenye seva ya zamani wakati wewe ofisini unaona mpya. Utahangaika. Ifute, au uweke ya seva mpya kama wamekupa.

Kwa biashara yoyote ambayo baruapepe zake zinafanya kazi, mimi nachagua njia ya pili. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha inapotea.

Mchukulieni mkusanyaji wa parachichi kutoka Rungwe. Ana anwani ya mauzo yenye jina la kampuni yake, na mnunuzi wa Ulaya anaijua hiyo. Barua zake zinahifadhiwa na kampuni moja, tovuti iko kwingine, jina kwingine. Anataka tovuti mpya, fundi anamwambia nipe paswedi. Ijumaa jioni fundi anabadilisha seva za majina. Usiku tovuti mpya inang'aa, picha za parachichi zinavutia, watu wanapongezana kwenye WhatsApp. Jumatatu inapita bila barua hata moja kutoka nje. Jumanne hivyohivyo. Anadhani soko limelala. Hajui kwamba njia ya barua iliandikwa kwenye rekodi ya MX, na MX ile ilikuwa kwenye seva za majina za zamani. Kibao kilipokabidhiwa kwa wapya, wapya hawakuwa na habari ya MX yake. Wakaweka ya kwao. Barua za mnunuzi hazikurudi kwa aliyezituma ili ashtuke. Zilipokelewa vizuri kabisa na seva mpya, zikalala kwenye sanduku ambalo hakuna binadamu anayejua kama lipo. Mnunuzi naye anasubiri jibu la kontena. Anasubiri mpaka lini? Njombe nako kuna parachichi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fungua orodha ya rekodi zako zote na uipige picha ya skrini. Yote, hata usizozielewa. A, AAAA, CNAME, MX, TXT. Ukilazimika kubadilisha seva za majina, ingia kwanza kwa wapya, nakili rekodi zile za barua neno kwa neno, ndipo uende kwa msajili kukabidhi. Utaratibu ni huo, kuandaa kule kwanza, kugeuza baadaye. Na MX huelekea jina la seva, haielekei namba ya IP.

Rekodi za TXT mnazidharau kwa sababu zina maneno marefu kama uchawi. Ndani yake kuna ile inayoanza na v=spf1, inayotaja nani ana ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako, na ya DKIM, inayowezesha kuthibitisha saini ya barua. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: anayetuma barua kwa watumiaji wao awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (Google wanahesabu zaidi ya 5,000 kwa siku) awe navyo vyote viwili pamoja na DMARC, rekodi inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyothibitika. Ukihama ukaziacha nyuma, ankara zako zitaanza kwenda kwenye taka za wateja. Na SPF iwe moja tu kwa jina. Kampuni mpya ikikupa ya kwao usibandike ya pili chini ya ya kwanza. Unganisha ziwe mstari mmoja, kwa sababu zikiwa mbili wapokeaji wanazihesabu zote kuwa kosa.

Kuna kisa kingine cha barua, hiki ni cha wanaotumia cPanel, ile paneli ya kusimamia hosting. Umefanya kila kitu sawa, MX iko palepale, barua kutoka nje zinafika. Lakini fomu ya mawasiliano iliyoko kwenye tovuti, mteja akiijaza, haifiki kwako. Sababu ni kwamba seva iliyobeba tovuti inajidhania yenyewe ndiyo posta ya jina lako, kwa hiyo haiulizi MX, inajitumbukizia barua mfukoni. Ingia kwenye mpangilio wa njia ya barua ndani ya cPanel, uchague seva ya mbali badala ya ya ndani. Dakika moja, na mwenye nyumba ya wageni pale Gangilonga anaanza kupata maombi ya vyumba ambayo yalikuwa yanazikwa msimu mzima.

Nimesema mwanzo kazi ni mbili. Ya pili ni kuiambia seva ipokee jina. Seva moja inaweza kubeba mamia ya tovuti kwa namba moja ya IP. Kivinjari kikifika kinataja jina kinalolitafuta, na seva inaangalia kwenye orodha yake. Kama hukuliongeza jina lako kwenye paneli ya hosting, utaona ukurasa wa makaribisho wa kampuni, au tovuti ya mtu mwingine kabisa. Watu wanaogopa wakiona hivyo, wanadhani wamevamiwa. Wala. Maana yake jina limefika salama ila mlangoni hawana jina lako. Liongeze, basi. Kwenye Shopify na majukwaa ya namna hiyo nako kuna sehemu ya kuunganisha domeni iliyopo. Usipoijaza, rekodi zako za DNS peke yake hazitoshi.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa kuna mambo mengi watu wanaambiwa yasiyo sahihi. "Subiri saa 48, isambae duniani." Hakuna kinachosambaa. Rekodi mpya iko hewani mara tu seva za majina zinapoichukua. Kinachochelewesha ni majibu ya zamani ambayo mitandao imeyahifadhi ili isiulize kila mara, na kila jibu lina muda wake wa kuishi, TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. Rekodi yenye 3600 inahifadhiwa saa moja. Yenye 86400, siku nzima. Ile 48 haikuzuka tu hewani: kwenye .com rekodi za kukabidhi seva za majina zina TTL ya sekunde 172800, ambazo ndizo saa 48. Lakini ukibadilisha rekodi ya A yenye saa moja, kwa nini usubiri siku mbili? Siku moja kabla ya kuhama, ishushe TTL hadi 300, yaani dakika tano. Siku ya kuhama unabadilisha A, na muda si mrefu walio wengi wako upande mpya. Mambo yakituama unairudisha juu.

Ndiyo maana pia laini ya simu moja inakuonyesha tovuti mpya na laini nyingine ya zamani, mkiwa mmekaa meza moja. Kila mtandao uliuliza kwa wakati wake. Usianze kufuta na kuandika upya kwa wasiwasi, utajichanganya. Fungua kompyuta, andika nslookup, kisha jina lako, kisha 8.8.8.8 au 1.1.1.1, seva za wazi za kuulizia majina za Google na Cloudflare, uone wengine wanapewa jibu gani. Na msiwe na haraka ya kufungua jina kabla hamjaweka rekodi, maana hata jibu la "haipo" huhifadhiwa. Unajiletea ucheleweshaji kwa kuchungulia mapema!

Cheti cha SSL, ile kufuli, nitakipitia haraka. Seva nyingi siku hizi hukichukua zenyewe bila malipo kutoka Let's Encrypt, na vyeti vyao vilivyozoeleka huishi siku 90 na kujihuisha vyenyewe. Mara nyingi hakitolewi hadi jina liwe limeshaelekea kwenye seva hiyo, kwa sababu mtoaji anakuja kukagua palepale. Kwa hiyo ukiona onyo la usalama dakika chache baada ya kugeuza, subiri kidogo au bonyeza kitufe cha kuomba cheti upya. Ukiliona kesho yake bado, kagua ile AAAA niliyoisema.

Waliowasha DNSSEC, ulinzi wa kutia saini majibu ya DNS, na najua ni wachache humu: kabla ya kubadilisha seva za majina, ondoeni kwanza rekodi ya DS, inayothibitisha saini hiyo, kwa msajili na msubiri TTL yake iishe. Ukiiacha, saini ya zamani haitalingana na seva mpya, na mitandao inayokagua saini italikataa jina lako moja kwa moja. Ni ulinzi unaofanya kazi yake, ila siku hiyo unakuzuia wewe.

Kijana pale ameuliza seva iwe ndani ya nchi au nje. Inategemea wateja wako. Mkongo wa Taifa unapita Iringa na hapa Mbeya hadi mpakani, kwa hiyo mteja wa Makambako kuifikia seva ya Dar es Salaam hana haja ya kwenda Ulaya kwanza. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipopata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Anayeuzia watu wa hapahapa, seva ya ndani ina mantiki siku kama ile. Anayeuza kahawa ya Mbozi kwa wanunuzi wa nje, seva iliyo karibu na wanunuzi inamfaa zaidi. Na uzuri wa kushika jina lako mwenyewe ni kwamba ukichagua vibaya unageuza rekodi moja, huanzi upya.

Jambo la mwisho kabla ya maswali: seva ya zamani msiikatishe siku ileile. Kuna mtu anaona tovuti mpya imefunguka kwenye simu yake, anafuta akaunti ya zamani papo hapo ili asitozwe dola za mwezi unaofuata. Baruapepe za miaka yote zilikuwa humo. Oda zilizoingia usiku ule kupitia mitandao yenye jibu la zamani zilikuwa humo. Lipia mwezi mmoja wa ziada, pakua nakala ya barua na ya hifadhidata, fungua nakala hizo uhakikishe zinafunguka, ndipo uage. Na tarehe ya jina kuisha iandike ukutani, kwenye kalenda ileile unayoandikia marejesho ya kikundi, kwa sababu kulipia seva hakulipii jina.

Sasa twende kwa vitendo. Pale mezani kuna kompyuta tatu na mtandao upo. Kila mmoja aje na jina lake, tutaliandika kwenye whois, huduma ya kuulizia taarifa za usajili wa jina, tuone limesajiliwa kwa msajili gani, linaisha lini, na seva zake za majina ni zipi. Wenye paswedi tutaingia tupige picha za rekodi. Wasio na paswedi tutawaandikia mafundi wao ujumbe sasa hivi, kwa lugha nzuri. Mwalimu wa ile shule yenye .sc.tz, njoo wewe wa kwanza, tafadhali. Umeniambia asubuhi kwamba notisi inasema Ijumaa, na leo ni Jumatano.